Usimfunge tumbo, mrudishie maji

Weka kando hiyo dawa ya kufunga choo kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu. Umeuliza mtoto wako wa mwaka mmoja na nusu anayeharisha apewe loperamidi kiasi gani. Swali hilo linajibika kwa neno moja: hapewi. Dawa hiyo hairuhusiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu huzuia mwendo wa utumbo. Choo kinaonekana kukoma, ilhali maji yanaendelea kutoka mwilini na kujaa utumboni, tumbo linavimba, na mzazi anashangilia.

Nami nilishangilia. Muuza dawa aliyenihudumia, mwenye koti jeupe na ujasiri usio na kipimo, aliniuzia dawa hiyo kisha akaniongezea ushauri wa bure, ambao ndio ulionigharimu zaidi: nimpunguzie mwanangu vinywaji, kwa kuwa “akinywa sana ataharisha sana”. Nikamnyima kikombe mtoto aliyekuwa akikililia. Kufikia jioni alikuwa analia bila machozi, macho yameingia ndani, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake na kuiachia, ilibaki imesimama kabla ya kurudi taratibu. Usiku ulitukuta kwenye dripu, muuguzi akitafuta mshipa mkononi, kisha mguuni, kisha kichwani. Nina shahada, kama kuna anayetaka kucheka. Muda wote huo ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji ya kunywa, ilikuwa imetulia ukutani dukani kwake yule muuza dawa.

Kinachomuua mtoto anayeharisha mara nyingi si vijidudu vyenyewe, bali ni kupungukiwa maji na chumvi. Soda na juisi tamu humzidishia, kwa kuwa sukari nyingi huvuta maji kuingia utumboni. ORS hufanya kazi kwa sababu glukosi na sodiamu huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja na kuyavuta maji nyuma yao, hata utumbo ukiwa unaumwa. Mwaka 1971, Dkt. Dilip Mahalanabis alipopungukiwa dripu wakati wa kipindupindu miongoni mwa wakimbizi huko Bangaon, India, aliwapa wagonjwa mchanganyiko huo wanywe, wengi wakinyweshwa na jamaa zao, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Yule wa koti jeupe alikuwa na pakiti zake rafuni, nyuma ya kisogo chake.

Basi mrudishie maji kila anapoyapoteza. Koroga pakiti nzima kwa kiasi kile kile cha maji safi kilichoandikwa juu yake, bila kukadiria kwa macho, na itakayobaki baada ya saa 24 imwage. Kila akiharisha mpe mililita 50 hadi 100, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uanze tena polepole zaidi. Aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, au amelegea hata anashindwa kunywa, usingoje majibu ya mtu yeyote humu, mpeleke hospitali. Mwulize mhudumu pia kuhusu zinki, ambayo kwa umri wake hutolewa miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na humalizwa hata kama choo kimekuwa kizuri mapema.