Shangazi, nina miradi sita na hakuna hata mmoja uliokwenda hewani

Barua ya leo imetoka kwa kijana anayejiita Kichwa Kimejaa. Ilikuwa ndefu, nimeipunguza nikabakiza nyama:

"Shikamoo Shangazi. Mi ni frilansa, natengeneza websaiti za watu, huu mwaka wa nne. Kazi zipo na bili nalipa, sina malalamiko. Shida ni miradi yangu mwenyewe. Kila Januari naandika malengo yaleyale: kuongeza kipato, kujifunza lugha mpya ya programu, kumaliza miradi. Miradi ni sita, kuna gemu, kuna apu ya mafumbo, kuna fonti nilianza kuchora, ila ninaoupenda kuliko yote ni websaiti ya sauti za ndege ninaowarekodi kwa simu alfajiri. Logini imeisha, dashibodi (ukurasa wa kusimamia mambo) imeisha, rangi za usiku zipo, nimeshaiandika upya mara kadhaa kila fremuweki mpya, yani zana za kujengea websaiti, ikitoka. Haijawahi kwenda hewani. Halafu nikagundua kuna xeno-canto, wana sauti za ndege wa dunia nzima, nikaishiwa nguvu kabisa. Rafiki yangu anasema kama haiingizi hela niachane nayo. Mwenzangu anasema nina kazi mbili, na ya pili inalipwa kwa usingizi wangu. Mchana wateja wananimaliza, usiku nafungua laptopu nabaki naikodolea macho tu. Niache, au nijiwekee ratiba kali?"

Marahaba mwanangu.

Ratiba kali iweke pembeni kwanza. Tuanze na kitu ambacho nadhani hukukiona wakati unaandika. Umesema logini imeisha, dashibodi imeisha, rangi za usiku zipo. Barua yako nimeisoma yote hadi mwisho nikitafuta ndege na sijaona hata mmoja. Yani ukiiweka hewani leo mtu anaweza kujisajili, akasahau nywila, akatumiwa nyingine kwa imeili, akaingia, akabadilisha rangi za skrini zikawa nyeusi, na mpaka anatoka hajasikia mlio wowote! Kwani nani kakwambia kusikiliza ndege kunataka akaunti?

Mi najua nani. Ni wateja wako. Miaka yote hii kila kazi unaianza na logini na dashibodi kwa sababu ndo wanachokilipia, mikono ishazoea, sasa ukikaa usiku na jambo lako la moyoni mikono inaanzia kulekule, na baada ya siku mbili tatu unajikuta unafanya ileile kazi ya mchana ila hii haina invoisi. Hapo nani asikodolee macho laptopu? Huo si uvivu hata kidogo. Na ndo maana nimesema ratiba iweke pembeni, maana ratiba itakuongezea tu saa za kutengeneza logini.

Sasa nakuomba ufanye hivi. Ukurasa mmoja. Jina la ndege kama unalijua, kama hulijui andika "huyu sijamjua bado", wapo watu watakuandikia wenyewe kukwambia ni nani, wapenda ndege hawawezi kuona swali kama hilo wakanyamaza. Chini yake tarehe na saa uliyomrekodi. Chini yake kitufe cha kusikiliza. Basi, umemaliza. Tagi ya audio, ile amri ya kuweka sauti kwenye ukurasa, imo kwenye HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, na kila kivinjari cha siku hizi kinaijua, huhitaji fremuweki, huhitaji databezi (ghala la data), faili moja la HTML na folda ya sauti vinatosha, unavipandisha GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa hewani, bure kabisa. Kama unataka kuutumia ule utaalamu wako basi utumie kwenye uzito wa faili, maana dakika moja ya WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya stirio yenye ubora wa CD ni kama megabaiti 10, ukiigeuza kuwa MP3, faili lililobanwa, ya kilobiti 128 kwa sekunde inakuja karibu megabaiti 1, na mtu wa bando dogo atakuombea dua. Orijino usizifute lakini, zihifadhi mahali. Na sauti isijipige yenyewe ukurasa ukifunguka, vivinjari vingi vinazuia, na hata kama visingezuia, jamani, mtu yuko kwenye kikao.

Ndege mmoja akishaenda hewani mradi umeanza. Wa pili utamwongeza wiki inayofuata kwa kukopi na kupesti, na siku ukiona kukopi kumekuchosha ndo utajua unahitaji nini, templeti au skripti au databezi, utakuwa unaijenga kwa sababu kuna ndege wanaisubiri.

Hao xeno-canto wala wasikunyime raha. Wapo tangu 2005 na ni maktaba kubwa ya kuheshimika, watu wanaosoma mambo ya ndege wanaitegemea. Ila maktaba inamjibu mtu anayetafuta ndege fulani. Wewe unacho kitu kingine, sehemu moja, sikio moja, alfajiri baada ya alfajiri. Ukikaa nayo mwaka mzima utaona nani anaanza kulia kabla ya nani, nani anapotea miezi fulani halafu anarudi, na hayo huyapati kwa kutafuta jina kwenye maktaba. Tena rekodi zako nzuri unaweza kuwapelekea na wao, wanapokea za watu wa kawaida na zinawekwa kwa leseni za Creative Commons, zinazoruhusu wengine kuzitumia kwa masharti. Ukichukua za kwao kuweka kwako soma leseni ya kila moja kwanza, nyingi haziruhusu matumizi ya biashara.

Nikija kwa huyo rafiki yako wa hela. Unaijua Wordle, ule mchezo wa mtandaoni wa kubahatisha neno la Kiingereza la herufi tano, kila mtu aliicheza. Josh Wardle aliitengeneza toleo la mwanzo 2013, marafiki zake hawakuichangamkia, akaiweka kando miaka. Wakati wa korona akaifufua kwa sababu yeye na mwenza wake, Palak Shah, walikuwa wanapenda michezo ya maneno. Sasa maneno ya Kiingereza ya herufi tano yako kama 12,000, mengi hata wenyewe hawayajui, ikabidi yachambuliwe, na aliyeyachambua ni huyo mwenza, yakabaki kama 2,500, na hiyo kazi ya kuchambua Wardle akamtengenezea iwe kama kigemu, neno linakuja anasema nalijua au silijui. Oktoba 2021 wakaitoa kwa watu wote, haikuwa na matangazo, haikukwambia ujisajili, fumbo moja kwa siku basi. Januari 2022 gazeti la New York Times likainunua.

Rafiki yako najua ataruka moja kwa moja mpaka hiyo Januari. Mi nataka uangalie pale katikati. Mradi ulikuwa umelala miaka na haukuoza. Na mwenza hakuwa amekaa chumba kingine akilalamikia usingizi, alikuwa ndani ya mradi anabonyeza vitufe. Mwenzako umeshawahi kumsikilizisha hata ndege mmoja? Maana kwenye barua umeniambia yeye anachokisema, hukuniambia anachokipenda. Mpe kazi. Awe ndo anachagua ndege wa wiki, au anaandika ile mistari miwili ya maelezo. Akikataa sawa, ila muulize.

Na usiku uache. Hapa najua utabisha kwamba frilansa wote wanafanya mambo yao usiku, lakini we mwenyewe umesema unarekodi alfajiri, maana yake kuamka unaweza, tena huo ndo muda ambao kichwa chako bado hakijaguswa na meseji ya mtu. Asubuhi mbili kwa wiki, ukirudi kurekodi, kabla hujafungua imeili. Nasema kabla, nisikie vizuri, maana ukishafungua umekwisha. Usiku lala karibu na mwenzako kama watu.

Kuhusu kuingiza hela, sikwambii usiitafute. Nakwambia usiitafute kwa ndege. Ukiweka bei utakuwa na mteja, na mteja akikuandikia usiku kwamba sauti hailii kwenye simu yake utaamka, na ile alfajiri yako itakuwa imeshauzwa. Kama unataka bidhaa ya kuuza, angalia kwenye kero zako za kazi. 37signals walikuwa kampuni ya kubuni websaiti za watu, miradi ya wateja ikawa inawachanganya, wakajitengenezea chombo cha kuisimamia, 2004 wakakitoa kiuzwe, ndo Basecamp. Walianza na tatizo lililokuwa linawasumbua kazini na lilikuwa linawasumbua wengine pia. We kero unazo, nimezihisi kwenye barua, ziandike mahali ukikutana nazo, siku moja mojawapo itakulipa. Ndege wao waache.

Nimefika kwa wateja sasa, maana nadhani shida ilipoanzia ni hapa, na hapa sikuonei huruma sana. Mteja anakuandikia, "samahani kwa usumbufu, ni kitu kidogo tu, tunaomba menyu ishuke kidogo." Unaishusha. Ikishuka inafunika picha kwenye simu, unarekebisha picha, picha ikibadilika ile fomu ya chini inasogea, unarekebisha fomu, saa mbili zimekwenda, na kwa aibu unajibu "tayari, karibu sana". Hukuandika popote. Hukutoza. Kesho anakuja mwingine na kitu kidogo chake. Halafu Januari unaandika lengo, "kuongeza kipato", wakati kipato kiko hapohapo kwenye menyu unakimwaga!

Kwenye kila kotesheni mpya andika marekebisho mangapi yamo kwenye bei, labda awamu mbili, na zaidi ya hapo unatoza kwa saa, na saa hiyo uitaje bei yake kabisa. Advansi iingie ndo uanze. Vitu vidogo vya wateja wa zamani vikusanye, vifanye siku moja ya wiki, waambie ni siku gani, utashangaa wengi watakwambia hakuna neno. Bei mpya anza nayo kwa wateja wapya maana hao hawajui ya zamani, wa zamani wape taarifa mapema halafu wapandishe. Yupo atakayekasirika na kuondoka, mara nyingi ni yuleyule wa menyu. Mi hayo ndo nayaita malengo, ya kwako ya Januari yalikuwa matumaini tu, huwezi kuamka Jumatatu ukafanya "kuongeza kipato" ila unaweza kuamka Jumatatu ukabadilisha templeti ya kotesheni.

Lugha mpya ya programu ifute kwenye orodha. Siku mradi ukiitaka utajifunza, na utajifunza haraka kwa sababu una kitu cha kuifanyia. Na nikisema uifute nadhani utapumua, maana mtu anayeitaka kweli huwa ameshaanza, we umeiandika kwa sababu ulimwona mtu mtandaoni anaisifia.

Ile mingine mitano, gemu na fonti na wenzake, isimamishe rasmi. Sijasema ufute kodi, yani maandishi ya programu, hiyo iache kwenye repo zake, hifadhi zake, haili kitu. Andika mstari mmoja kwenye README, faili la maelezo, ya kila mmoja, umefikia wapi na ulikuwa unataka kufanya nini baadaye, kisha iweke akaivu. Domeni ambazo umekuwa ukizilipia kila mwaka (hukusema, lakini frilansa gani hana domeni za namna hiyo?) zima malipo ya kujirudia yenyewe, bakiza ya ndege tu. Fonti ndo inaniuma kidogo kukuambia uisimamishe, kuchora herufi ni kazi nzuri ya kutuliza akili na haihitaji hata intaneti, kwa hiyo ukiwa safarini una daftari we chora tu, ila usijihesabie kama mradi.

La mwisho, na hili lifanye kabla ya yote. Mikataba yako ya wateja hujaigusia kwenye barua, na mimi huwa naogopa ya wale wanaolipa kila mwezi. Isome leo. Kuna mikataba ina kipengele kinachosema kila utakachokitengeneza kipindi cha mkataba ni mali ya mteja, bila kutenganisha kazi yake na mambo yako binafsi. Ukikikuta, mwandikie kwa adabu, omba kibadilishwe kisomeke kazi uliyoagizwa na kulipwa kwayo, mteja mwelewa hatakataa, na akisita tafuta mwanasheria akusomee kabla hujajibu kitu. Pia angalia kama kuna kodi ya programu uliyoitoa kwenye kazi ya mteja ukaipachika kwenye websaiti yako ya ndege, hasa hiyo dashibodi. Kama ipo, itoe. Hukuwa unaihitaji.