Barua kwa mwanangu: mbona wimbo ninaoujua bado unanisisimua?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika. Sote hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua kidogo. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umesoma mahali kwamba ubongo hupenda muziki kwa sababu muda wote unabashiri sauti inayofuata, na raha huja pale unaposhtukizwa. Sasa unauliza: ile kanda ya taarabu ya hapa nyumbani, uliyoisikia tangu hujaanza shule na unayoijua neno kwa neno, itakushtukiza na nini? Mbona mpaka leo mwili unakusisimka pale pale zinapoingia fidla?

Mimi nimefundisha baiolojia mpaka nikastaafu, lakini jibu la swali hili nililiona kwanza kwenye maharusi, nikipiga besi. Mpiga besi hatazamwi na mtu, kwa hiyo anapata nafasi ya kuwatazama wengine. Nilikuwa nikiwatazama akina mama wanaokuja kutunza. Mwimbaji anaanza ubeti: mizani nane, anapumua, mizani nane nyingine, kina. Mshororo wa pili kina kinarudi. Wa tatu anauvuta makusudi, fidla zinamfuata nyuma, na neno la mwisho bado liko kinywani mwake. Hapo ndipo utamwona bibi wa watu keshainuka, noti kaikunja vidoleni, khanga anaiweka sawa begani. Neno likitua, yeye yuko nusu ya njia kwenda jukwaani. Na wimbo wenyewe kausikia tangu usichana wake! Hakuwa akisubiri kujua kitakachosemwa. Raha yake ilianza kwenye kule kusubiri.

Miaka mingi baadaye nikakuta watu wa maabara wameona jambo hilo hilo ndani ya kichwa. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na Robert Zatorre, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, pamoja na wenzao, waliwaambia watu walete muziki wao wenyewe, ule unaowasisimua mwili. Maana yake ni muziki waliokwisha kuuzoea. Wakawapima kwa mashine za kupiga picha ubongo unapofanya kazi. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha, ilihusika katika nyakati mbili, na si mahali pamoja. Sekunde kadhaa kabla ya kile kipande kitamu, ilifanya kazi zaidi kwenye sehemu iitwayo kaudeti. Kipande chenyewe kilipofika, ikawa zaidi kwenye nyukliasi akumbensi, sehemu ile ile inayoamka kwa chakula kizuri.

Umeona basi? Kuujua wimbo hakuui raha, ndiko kunakokuwezesha kuingoja. Mgeni asiyeijua kanda yetu hawezi kuzingoja zile fidla. Atazipokea tu zikifika. Leonard Meyer, mtaalamu wa muziki wa Marekani, aliandika tangu mwaka 1956 kwamba hisia za muziki huzaliwa pale tunachokitazamia kinapocheleweshwa. Waimbaji wetu wa taarabu, kwa jinsi wanavyovuta mshororo, hawakuhitaji kuambiwa.

Hili lingine litakupendeza wewe mfamasia. Mwaka 2019 Laura Ferreri na wenzake, Barcelona, waliwapa watu vidonge vya aina tatu kwa siku tofauti: levodopa inayoongeza dopamini, risperidoni, na kidonge kisicho na dawa. Kisha wakawasikilizisha muziki. Siku ya levodopa raha iliongezeka. Siku ya risperidoni, ambayo unajua inaziba vipokezi vya dopamini, ikapungua. Kwa hiyo dopamini haipiti tu njiani wakati sisi tunafurahi, ina mkono wake katika raha yenyewe.

Lakini mshtuko nao haujafa, mama. Mwanasaikolojia Jamshed Bharucha alitenganisha matazamio ya aina mbili. Moja ni kumbukumbu ya wimbo huu hasa: unajua sasa inakuja fidla. Nyingine ni mazoea ya muziki kwa jumla, yaliyojijenga kichwani mwako kutokana na kila ulichosikia, kaswida za madrasa, ngoma za mtaani, redio ya jirani. Hayo mazoea hayaulizi kumbukumbu. Fidla zikikwepa noti ambayo kwa kawaida ingefuata, kumbukumbu inasema “najua”, na mazoea yanaruka vilevile. Ni kama nikikuletea kidole karibu na jicho: unajua baba hakugusi, na kope zinafumba.

Na mazoea hayo ni ya mahali. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha matokeo kutoka kwa Watsimane wa Bolivia, wanaoishi mbali na muziki wa Kimagharibi. Sauti zinazogongana, ambazo Mmarekani atakunja uso, wao waliziona nzuri sawa na zile zinazopatana. Kumbuka hilo siku mtu akikuambia taarabu haina mpangilio.

Kushika mapigo kwenyewe kunaanza mapema mno. Mwaka 2009 István Winkler na wenzake waliwapigia ngoma watoto wachanga wa siku mbili au tatu, wamelala. Pigo kuu lilipoachwa makusudi, ubongo wa mtoto ulionyesha kwamba kuna kitu kimekosekana.

Tena usidhani ubongo unabashiri ya mbele tu. Hata sauti unayodhani unaisikia sasa hivi, nyingine unajitungia. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, unatetema kama mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu yako haiwezi kuutoa mtetemo wa chini kiasi hicho. Inatoa ile mitetemo ya juu inayoandamana nao tu, na ubongo kwa kuisikia hiyo unajaza msingi wake wenyewe. Kwa hiyo ukinisikiliza kwenye simu, sehemu ya chini kabisa ya besi langu unaipiga mwenyewe. Sikudai malipo.

Kuhusu mumeo, ambaye unasema unamwekea wimbo naye anauliza habari za umeme, usimnunie. Mwaka 2014 watafiti wa Barcelona walieleza kundi la watu wazima wenye masikio mazima, wanaofurahia kushinda pesa kama sisi, ila muziki hauwatii raha. Ni wachache, wanakadiriwa asilimia 3 hadi 5. Huenda yeye ni mmoja wao, huenda pia umeme umekatika kweli.

Mbona basi nyimbo nyingine zinachosha baada ya wiki? Maria Witek na wenzake, mwaka 2014, walijaribu midundo ya ngoma yenye mikato, yaani mapigo yanayoangukia pasipotazamiwa, michache, ya wastani na mingi. Ya wastani ndiyo iliyowatia watu hamu ya kucheza. Wimbo usio na mkato hata mmoja, naona mimi, hauachi cha kungojea. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, walipata mahali papya pa kumchelewesha msikilizaji. Ndiyo maana nasema baadhi ya vijana wa siku hizi, wanaoacha kompyuta irudie kipande kimoja dakika nne nzima, wanatunyima haki yetu. Ni maoni ya mzee, yachukue hivyo.

Fanya jaribio dogo. Weka ile kanda, na ukikaribia zinapoingia fidla, uisimamishe kabla hazijaingia. Angalia mkono wako kama vinyweleo havijaanza kusimama. Kisha mfanyie mumeo vilevile, mwangalie yeye mkono, uniandikie umeona nini.

Mama yako anakusalimu, anauliza dawa ya goti uliyoahidi itakuja na basi la lini.

Baba yako