Re: Geji ya mafuta ya Impreza WRX inaruka ruka

Mkuu, umesema mshale unaonyesha nusu, ghafla unashuka robo halafu unarudi. Usikimbilie kubadilisha dashibodi.

Tenki la hii Subaru Impreza limebonyea katikati kupisha shafti inayokwenda nyuma, kwa hiyo lina floti mbili (maboya yanayopima kiwango cha mafuta), moja upande wa pampu na nyingine upande wa pili, zimeungwa mfululizo, yaani umeme unapita moja kisha nyingine. Moja ikikatika, usomaji wote unaharibika. Kuyumba kidogo kwenye kona ni kawaida; kuruka kwenye barabara iliyonyooka ndiyo ugonjwa.

Subiri mafuta yawe chini ya nusu, chomoa hasi ya betri, kaa penye hewa, sigara mbali. Nyanyua kiti cha nyuma. Anza na plagi ya waya za floti na waya wa ethi: kutu ya kijani ni kawaida kwa hewa yetu ya chumvi, safisha. Kisha toa floti, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, yaani ukinzani, pandisha mkono wa floti taratibu. Namba zikiruka au zikipotea katikati, kibao chake, kile mkono unachotelezea, kimelika.

Ukienda kwenye spea za Gerezani, Dar, usilipie floti ya mtumba kabla hujaipima hivyo hivyo palepale. Ukirudisha, weka mpira mpya wa kifuniko cha floti, la sivyo utanusa petroli kila ukijaza tenki.