Barua ya kocha wa gofu kutoka chuo kidogo cha Marekani: je, ni ufadhili?

Mzee wangu, shikamoo. Umeeleza kwamba binti yako, anayecheza gofu pale Lugalo, ameandikiwa na kocha wa chuo kidogo cha Marekani kwamba anamhitaji kikosini, nawe unauliza kama barua hiyo ndiyo ufadhili wenyewe. Nilicheza miaka minne katika chuo cha namna hiyo, Ohio, kisha nikabaki mwaka mmoja nikimsaidia kocha, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Barua hiyo si ufadhili. Kama chuo kimo katika Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi hata senti moja kwa ajili ya michezo. Punguzo lolote la ada hutokana na matokeo ya masomo au uhitaji wa familia. Daraja la Pili lina fedha za michezo, lakini kikomo cha gofu ni ufadhili kamili 5.4 kwa wanawake na 3.6 kwa wanaume, ambao kocha huukatakata na kuwagawia wachezaji wanane au tisa.

Kwa nini basi chuo kinaendesha timu, wakati hakuna anayelipa kiingilio kutazama gofu ya vyuo? Chuo kidogo huishi kwa ada, na timu ni mlango wa kuandikisha wanafunzi. Tuseme ada ni dola 40,000 na chuo kinapunguza nusu: wachezaji wanane huleta dola 160,000 kwa mwaka, na mshahara wa kocha pamoja na safari havifiki hapo. Kocha wetu alipimwa zaidi kwa idadi ya wanafunzi aliowaleta kuliko kwa vikombe. Asubuhi alikuwa ofisi ya udahili, mchana alifundisha timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake, na safarini ndiye aliyekuwa dereva. Uwanja haukuwa wetu. Klabu ya mji ilitupa saa zisizo na wanachama wengi. Fedha za mipira na sare zilitokana na shindano la hisani la kila Septemba, ambapo maduka ya mji yalilipia bango kwenye kila shimo, nasi tukagawa maji tangu alfajiri. (Huko hakuna mbeba mikoba, kila mchezaji hubeba wake, mvua inyeshe isinyeshe.)

Sasa kuhusu binti. Timu hupeleka wachezaji watano, na katika kila raundi huhesabiwa mikwaju ya wanne waliofanya vizuri zaidi. Wanaume wetu walikuwa kumi wakigombea nafasi tano, ilhali wanawake walikuwa wanne tu msimu mzima, maana yake mmoja akiugua, timu haina matokeo na waliobaki wanacheza kila mtu kivyake. Tena sheria ya Title IX ya mwaka 1972, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, huvifanya vyuo vijali timu za wanawake zisife. Kocha huyo huenda anamhitaji binti yako kuliko binti anavyomhitaji yeye, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Omba barua rasmi ya ofisi ya fedha, yenye kiasi cha punguzo kwa miaka yote minne na wastani wa alama unaotakiwa ili lisiondolewe. Kabla ya kupata fomu ya I-20 ya kuombea viza, mtatakiwa kuonyesha uwezo wa kulipia mwaka wa kwanza, na msitegemee vibarua: mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo. Uliza pia nani hulipia bima ya afya, na mwanafunzi wa mbali hulala wapi mabweni yakifungwa mwezi wa Desemba. Mimi sikuuliza, likizo yangu ya kwanza niliimaliza kwenye kochi la sebuleni kwa kocha.