Kabla hujaandika andiko la mradi, fungua daftari

Wiki iliyopita dada mmoja kaniandikia inbox. Amemaliza ukutubi, ile kazi ya maktaba, Bagamoyo mwaka jana, kapangiwa maktaba ya wilaya, na anataka nimsaidie kuandika andiko la mradi: kompyuta ishirini, projekta, kiyoyozi. "Kaka, wewe umefanikiwa, nielekeze." Nilicheka, kisha nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikaisha.

Wengi mnaosoma hapa mna ugonjwa huohuo. Tunapelekwa mafunzo ya vitendo Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, pale Barabara ya Bibi Titi, jengo alilolifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, tunatoka tukiota lifti na rafu ndefu. Halafu barua ya ajira inakutupa kwenye chumba kimoja chenye popo darini.

Mimi niliandika andiko. Narukia mwaka mzima wa barua na mihuri. Kompyuta kumi zikaja, utepe ukakatwa, nami nimevaa suti ya harusi yangu. Miezi mitatu baadaye fungu la umeme wa LUKU likatuumbua, maana lilikuwa limepigiwa hesabu ya taa tatu na feni moja. Bando la mfadhili nalo likakata. Kwa kuogopa wizi nikafunga kile chumba, funguo ikakaa mfukoni mwangu karibu miaka miwili. Alipokuja mkaguzi aliandika sentensi moja: vifaa vipo, havitumiki. Mkubwa wangu akaisoma kikaoni mbele ya watu wote, akairudia mara mbili. Yeye ndiye aliyetia saini ya kupokea mradi, lakini siku ile alikuwa haukumbuki. Sijasahau.

Aliyenizindua ni binti wa kidato cha nne. Tulikuwa tunafunga saa tisa na nusu alasiri, nami nilikuwa nabana kufuli. "Shikamoo baba. Sisi tunatoka shule saa tisa na nusu. Nikifika hapa kila siku unafunga." Maktaba ya wanafunzi, inafungwa dakika wanayotoka shule! Na mimi nilikuwa nikiandika kwenye ripoti kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kusoma.

Usiku ule nilichora mstari kwenye daftari la wageni, nikaongeza safu: alichokosa. Kila aliyetoka mikono mitupu, niliandika alichokuja kutafuta. Mwezi ulipoisha nilikuwa na kurasa za pasti pepa, fomu za kujiunga na chuo, dawa ya kuku, "sehemu ya kukaa tu, nyumbani kuna kelele". Kompyuta hakuitaja mtu. Hilo ndilo la kwanza ninalokushauri, dada, na ukiniuliza la pili nitakujibu hilohilo: andika wanachokosa.

Tukahamisha saa, tukafungua saa nne asubuhi hadi saa moja usiku. Kwa wale wa dawa ya kuku nilimwomba bwana mifugo awe anakuja Alhamisi kuelezea chanjo ya kideri, ile ya tone moja jichoni. Wakaja kina mama ambao hawajawahi kukanyaga mlango ule, na wakiwa hapo wanawaandikisha watoto.

Kisha rafu. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ninapojivunia. Ukipanga kwa Dewey, ule mfumo wa kuvipa vitabu namba kwa mada, kama tulivyofundishwa, fasihi ya Kiingereza iko 820, ya Kiswahili iko 896.392, mkiani kabisa kwenye fungu la "lugha nyingine". Kwangu mkia huo uliangukia rafu ya chini, nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa unaziziba riwaya. Msomaji wa Kiswahili, ndani ya nchi ya Kiswahili, alipaswa kufunga mlango na kupiga magoti ili aone kitabu cha lugha yake! Nilizitoa zote nikaziweka mbele, usawa wa macho, namba zikabaki mgongoni mwa vitabu vilevile. Nikaambiwa nimevuruga mpangilio. Sawa. Ila sasa zinarudi zimechakaa kona, na kitabu kuchakaa kona ni cheti changu.

Kompyuta moja niliitoa kifungoni. Niliipeleka mjini kwa rafiki mwenye intaneti nzuri, tukapakua Wikipedia kwa programu ya Kiwix, nikairudisha na kuiunganisha na ruta ya mfadhili. Mwanafunzi anakaa na simu yake, anasoma bila bando. Baadaye nikaweka Koha, programu ya kuandikia vitabu na waazimaji. Ni ya bure, imezaliwa kwenye maktaba za New Zealand, na jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi. Kuifunga kwenye kompyuta kulinila wikendi nne, sina la kusimulia hapo.

Utaniambia Kenya wameendelea. Ndiyo, lakini tazama walivyofanya Garissa mwaka 1996. Wasomaji wao walikuwa wafugaji, wanahama. Huduma ya maktaba ya taifa ikafunga masanduku ya vitabu mgongoni mwa ngamia, ikawafuata. Walianza na msomaji yuko wapi, na anaishije. Wewe umeanza na projekta. Sisi wakutubi tuna kiburi cha kudhani asiyekuja ndiye mwenye kasoro, na kiburi hicho tunakivalisha suti na kukiita mradi. Acheni! Andikeni wanachokosa.

Andiko lako nimelisoma, dada, bajeti umeipanga vizuri kuliko mimi enzi zile. Nirudishie baada ya mwezi, pamoja na picha ya kurasa za daftari.

Zile kompyuta tisa nyingine? Nne zinawaka. Funguo ya chumba inaning'inia kwenye msumari nyuma ya meza yangu, na yule binti, ambaye siku hizi anafundisha shule ya jirani, huichukua bila kuniuliza.