Maswali ya Wasomaji: Marubani wa Poland katika Anga la Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba katika kiangazi cha mwaka 1940 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa marubani, ilhali Wapoland waliokwisha kupigana na Wajerumani waliwekwa chini wakifundishwa Kiingereza. Kwa nini hawakuruhusiwa kuruka mara moja? Na ile sifa ya Kikosi cha 303, kikosi cha marubani wa Poland, kuangusha ndege 126 ni ya kweli au imetiwa chumvi?
Msomaji wa Dodoma

JIBU: Marubani hao walifika Uingereza wakitoka katika nchi mbili zilizoshindwa, na hilo ndilo lililowaponza mbele ya wenyeji wao. Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, Umoja wa Kisovyeti ukaingia kutoka mashariki tarehe 17 ya mwezi huohuo, nao wakavuka mpaka kwenda Romania na Hungaria, wakapenya hadi Ufaransa, wakapigana tena huko, na Ufaransa ilipoanguka Juni 1940 wakakimbilia Uingereza. Baadhi ya wakuu wa jeshi la anga la Uingereza waliwatazama kama mabaki ya majeshi yaliyovunjwa, wakatilia shaka moyo wao wa kupigana. Kwa maoni yangu hapo walikosea sana, kwa sababu mtu anayevuka mipaka yote hiyo ili apate ndege nyingine ya kupigania hawezi kuwa mtu aliyekata tamaa.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba ilikuwa dharau tupu. Katika ndege walizozizoea, rubani aliyetaka kuongeza nguvu ya injini aliuvuta wenzo kuelekea kwake, na katika Hurricane, ndege ya kivita ya Kiingereza, alipaswa kuusukuma mbele. Mkono uliozoea jambo kwa miaka haugeuki kwa wiki moja, na wakati wa kupaa au kutua kosa la namna hiyo huua. Ndege yao ya nyumbani, PZL P.11, ilikuwa na magurudumu yasiyokunjwa, hivyo ilikuwa rahisi kwao kusahau kuyashusha ya Hurricane na kutua kwa tumbo. Mwendo ulipimwa kwa maili badala ya kilomita, na kimo kwa futi badala ya mita. Zaidi ya hayo, ulinzi wote wa Uingereza ulitegemea sauti: rada ziliwaona adui wakikaribia, na maofisa waliokuwa ardhini wakawaelekeza marubani kwa redio waende upande gani na kwa kimo gani. Asiyeelewa maelekezo hayo angeweza kupotea au kuwahatarisha wenzake, na ndiyo maana Wapoland walipandishwa baiskeli za magurudumu matatu zilizofungwa redio, wakazunguka uwanjani wakifuata amri za Kiingereza. Kwa watu waliokuwa na mamia ya saa za kuruka, zoezi hilo liliwachoma moyo.

Kikosi cha 303 kiliundwa katika uwanja wa Northolt, magharibi mwa London, mwanzoni mwa Agosti 1940. Kilikuwa chini ya makamanda wawili kwa pamoja, Mwingereza Ronald Kellett na Mpoland Zdzisław Krasnodębski. Tarehe 30 Agosti kilikuwa angani kwa mazoezi ya kusindikiza ndege za mabomu za Waingereza wenyewe, Ludwik Paszkiewicz alipoona ndege za Kijerumani. Alimwarifu Kellett kwa redio, hakujibiwa, akajitoa kwenye msururu na kuangusha ndege moja. Alikemewa kwa kuvunja nidhamu na kupongezwa kwa ushindi, na kesho yake kikosi kizima kikaruhusiwa kuingia vitani. Paszkiewicz mwenyewe aliuawa tarehe 27 Septemba, kabla mwezi haujatimia.

Kuhusu ndege 126, hiyo ni hesabu iliyotambuliwa wakati wa vita kwa kipindi cha takriban wiki sita, na watafiti waliolinganisha baadaye na kumbukumbu za Wajerumani wameipunguza sana. Msomaji asiuone huo kuwa uongo wa Wapoland. Katika vurumai ya angani marubani wawili au watatu huipiga ndege moja, kila mmoja akaiona ikianguka, na kila mmoja akaidai kwa nia njema. Vikosi vyote vya Uingereza, na vya Ujerumani pia, vilizidisha kwa namna hiyo. Baada ya kupunguzwa, Kikosi cha 303 kinabaki miongoni mwa vilivyofanya vizuri kuliko vyote. Siri yake ilikuwa uzoefu: walikuwa wamepigana kwa ndege dhaifu zenye bunduki chache, zilizowalazimu kumsogelea adui sana kabla ya kufyatua risasi, na walipopewa Hurricane yenye bunduki nane waliendelea na desturi hiyohiyo.

Kwa jumla Wapoland 145 walipigana katika vita hivyo vya angani, miongoni mwa marubani na wenzao wa ndani ya ndege karibu 3,000 wa upande wa Uingereza. Hugh Dowding, aliyeongoza vikosi vyote vya ndege za kivita, hakuwaamini mwanzoni, lakini baadaye aliandika kwamba bila mchango wao angesita kusema kuwa matokeo yangekuwa yaleyale.

SWALI: Je, Wapoland waliozikwa Tengeru, karibu na Arusha, wana uhusiano wowote na marubani hao? Na kwa nini marubani hawakuandamana London siku ya kusherehekea ushindi?
Msomaji wa Arusha

JIBU: Njia zao zilikuwa tofauti. Wakimbizi wa Tengeru, karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walitoka mashariki ya Poland, ambako Wasovyeti waliwahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 walitoka kupitia Iran pamoja na jeshi la Poland la Jenerali Anders, kisha wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Uhusiano uliopo ni wa kifamilia na wa hatima: wengi walikuwa na waume na wana katika majeshi ya Poland yaliyopigana chini ya Waingereza, na vita vilipokwisha, kwao kulikuwa kumeingizwa katika mipaka ya Umoja wa Kisovyeti.

Kuhusu gwaride la tarehe 8 Juni 1946, serikali ya Uingereza ilikuwa tayari inaitambua serikali ya Poland ya huko Warsaw, iliyoungwa mkono na Stalin, na mwaliko rasmi ulipelekwa huko. Baadaye marubani 25 walialikwa, wakakataa, kwa kuwa wenzao wa jeshi la nchi kavu na la majini walikuwa wameachwa nje. Naona walitenda haki.

Waliobaki Uingereza waliwekewa mwaka 1947 sheria ya kuwawezesha kufanya makazi huko. Waliorudi nyumbani hawakuwa salama: Stanisław Skalski, aliyesifika kwa ushindi mwingi kuliko rubani yeyote wa Poland, alikamatwa mwaka 1948, akahukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, na hakuachiliwa hadi mwaka 1956. Wakimbizi wengi wa Tengeru nao waliamua kutorudi, wakahamia Uingereza, Kanada na Australia.