Begi la nyuma ya siti: tafuta kwanza litakaa juu ya nini

Mkuu, kwa ulivyoeleza, una baiskeli ya mtumba ya gia, haina keria na wala huitaki, siti yake ni ya kawaida isiyo na vitanzi nyuma. Begi la turubai umelifunga kwa mikanda miwili kwenye vyuma vya chini ya siti, na kila ukipita rasta linashuka na kusugua tairi. Fundi kakwambia ukaze mikanda zaidi.

Hapo sikubaliani na fundi wako. Kazi ya mikanda ni kulizuia begi lisiondoke. Uzito unatakiwa ukae juu ya kitu. Begi likishabeba kompyuta, hotipoti na koti la mvua, kaza mikanda mpaka ikatike, chini litatumbukia tu, maana turubai ni laini na mzigo wote umelalia katikati.

Wanaokushauri uachane nalo ununue yale mabegi mawili ya ubavuni mwa tairi nawaelewa, ila kwa Dar mimi nabaki na la nyuma ya siti. Ukipenya kati ya daladala na bajaji, begi hili halizidi upana wa usukani wako, na kisigino hakiligongi ukipiga pedeli. Ubaya wake ni kwamba mzigo unakaa juu. Ukisimama kwenye pedeli kupanda ule mlima wa kutoka Survey kwenda Mlimani, utaisikia nyuma inayumba. Kwa hiyo ukiwa nalo, shusha gia, panda umekaa.

Kabla hujatoa hata shilingi, pakia begi kama unavyolipakia siku ya kazi, kisha pima kimo chake likiwa limejaa. Halafu pima kutoka vyuma vya chini ya siti hadi juu ya tairi, au juu ya madigadi kama unayo. Chini ya begi zibaki sentimita tano au zaidi. Kama siti ina springi, ongeza, kwa sababu ukikaa siti inashuka na begi linashuka nayo. Wafupi wanaoendesha baiskeli za rimu kubwa mara nyingi nafasi hii hawaipati kabisa, na hakuna ufundi wa kuipata. Huyo aweke keria na afunge begi juu yake, basi.

Nafasi ikiwepo, tegemeo ninaloliamini ni keria. Najua umesema huitaki, lakini sikwambii ufunge begi kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Begi linabaki limening'inia kwenye siti, keria inakuwa rafu ya kupokea kitako chake. Tafuta keria nyepesi ya mtumba. Angalia kwenye fremu karibu na ekseli ya nyuma kama kuna matundu ya bolti, nyingi zinayo. Kama hakuna, fundi atakufungia kwa klempu, na chini ya klempu weka kipande cha tyubu ili rangi isichunike na klempu isiteleze. Kati ya keria na kitako cha begi mara nyingi panabaki uwazi. Hapo kata ndala kuukuu, panga vipande viwili au vitatu mpaka begi liguse, funga na nailoni. Ndala inameza mtikisiko vizuri kuliko mbao, na kompyuta yako itashukuru kwenye matuta.

Kama keria hutaki kweli, nenda kwa mchomeleaji. Akate kipande cha flatibaa, yaani chuma bapa, ya upana wa nchi moja, unene milimita 3, kinachopita chini ya siti kutoka chuma kimoja hadi cha pili. Kipande kingine kama hicho kinakaa juu ya vyuma, na bolti mbili zinavibana viwili hivyo pamoja. Vyuma vya siti kwa kawaida vina unene wa milimita 7, kwa hiyo mwambie asitoboe matundu mbali sana na vyuma, vinginevyo vipande vitapinda kabla havijabana. Kwenye kile cha chini achomelee nondo ya milimita 8 iliyokunjwa umbo la U, ishuke nyuma ya bomba la siti kisha igeuke kuelekea nyuma, begi lilale juu yake. Ya milimita 6 itapinda taratibu. Kuchomelea kote kufanyike kipande kikiwa mezani. Asiguse fremu wala bomba la siti, hasa kama ni alumini. Moto unaidhoofisha, na zile fito za kawaida za kuchomelea chuma haziishiki.

Ukitumia njia hii, angalia pia ile nati inayobana siti kwenye bomba lake. Mzigo wote sasa unavuta nyuma ya siti, na nati ikiwa imelegea kidogo, pua ya siti itaanza kutazama mbinguni. Kaza, endesha siku chache, kaza tena.

Vya kununua vipo. Mabegi ya namna hii ni utamaduni wa Waingereza wa siku nyingi, na kampuni ya Carradice ya mji wa Nelson, Lancashire, wanayashona tangu 1932 kwa turubai la pamba. Wanauza pia tegemeo linaloitwa Bagman, ambalo ni ile ile nondo ya U kwa sura ya kiwandani, na SQR, kibanio cha kwenye bomba la siti kinachokuruhusu kulichomoa begi zima ukaingia nalo ofisini. Kwa anayeegesha baiskeli barabarani hiyo ya pili ni raha, maana kufungua bizimu tatu asubuhi na jioni kunachosha, na begi ukiliacha nje hulikuti. Ila ukijumlisha kusafirisha na ushuru, mimi naona mchomeleaji anatosha.

Vitanzi sasa. Siti za ngozi kama Brooks B17 zinakuja na vitanzi viwili vya chuma nyuma, ndiyo maana mabegi haya yana mikanda miwili juu. Wewe huna, basi ile flatibaa ikitoka kidogo nje ya vyuma pande zote mbili na kutobolewa matundu marefu, tayari una vitanzi. Apige tupa kingo zote, la sivyo mkanda utakatwa. Na tafadhali usipitishe mikanda kwenye springi za siti. Nawaona wengi wanafanya hivyo. Springi inafunguka na kujibana kila tuta, inatafuna mkanda kama panya.

Mkanda wa tatu unazunguka bomba la siti, na huo watu wanaupuuza. Ndio unaozuia begi lisipige kulia na kushoto. Kama begi linakugusa nyuma ya mapaja, weka gongo la mbao lenye unene wa kama sentimita tatu kati ya begi na bomba, kisha uzungushie mkanda vyote viwili. Begi linasogea nyuma na mapaja yanapata uhuru. Ndani ya begi nako, juu, pitisha fimbo ya mbao kutoka upande mmoja hadi mwingine, mikanda ya siti iizungukie. Bila fimbo, begi linajikunja katikati na pembe zake zinashuka. Fundi viatu yeyote atakutobolea na kukushonea hayo.

Mikanda ikiwa ya ngozi, ikilowa itarefuka. Mvua za kwanza za masika zikipita, hesabu kwamba itabidi usogeze tundu moja. Turubai la pamba lenyewe nyuzi zake zikilowa zinavimba na kuziba, kwa hiyo manyunyu halipitishi, lakini dhoruba ya Aprili ni kitu kingine. Kompyuta ivalishe mfuko wa plastiki, tena iegemee upande wa bomba la siti, ikae kwa ubapa. Kitu kizito kikikaa mbali na bomba kinazidi kuvuta. Maharage yaweke wima kwenye chombo kinachofunga kwa skurubu, na sihitaji kueleza kwa nini.

Kiasi cha mzigo: bila tegemeo mimi sizidishi kilo tatu. Likiwa na tegemeo naenda mpaka tano, sita. Zaidi ya hapo hata nondo ikivumilia, baiskeli inakuwa ngumu kuishika kwenye mchanga wa pembeni ya lami.

Halafu taa ya nyuma. Bila shaka umeifunga kwenye bomba la siti kama wengi, na begi likishawekwa hakuna dereva atakayeiona. Ihamishie kwenye madigadi au mwisho wa keria, au mshonaji akuwekee kitanzi kidogo kwenye mfuniko wa begi. Ukichagua kitanzi, hakikisha taa inatazama nyuma begi likiwa limejaa. Likiwa nusu mfuniko unalala, na taa inamulika lami.